Bilauri ya Sita

Alhamisi hiyo jua lilikuwa limeshainamia mikorosho, na Mwanawetu alikuwa ametumwa kuazima bilauri.

Kazi ndogo. Mtoto wa darasa la nne angeiweza. Lakini mama yake, Mama Mwamini, hakutaka kutuma mtoto, kwa sababu bilauri zenyewe zilikuwa za Bibi Sihaba: nyekundu, nene, za kale. Ikivunjika moja, hakuna duka Kibiti wala Dar es Salaam la kununulia ya pili.

"Nenda wewe mwenye akili za Chuo Kikuu," alimwambia. "Uzishike kama mayai. Watu wa Mkongo wanakuja jioni hii kumwona mwali wao. Sitaki wakaseme tumewanywesha kwa glasi za jana."

Glasi za jana! Mwanawetu alicheka njia nzima, cheko la hasira. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Ile miaka ya foleni watu walinywa kwa vikombe vya bati, tena vilivyobonyea, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Sasa biashara imefunguliwa, malori yanashusha maboksi ya glasi za kila rangi, buluu, waridi, kijani cha ndimu, zenye mstari wa dhahabu mdomoni, na kila mama wa Kibiti ana kabati la vyombo sebuleni. Glasi zimepangwa humo juu ya vitambaa vya kufuma. Zinafutwa vumbi kila Ijumaa. Hazinyewi. Mwenye nyumba anakunywa kwa kopo la plastiki, watoto wake kwa kopo la plastiki, na glasi zinamngoja mgeni. Na mgeni mwenyewe akija hana cheo, naye kopo la plastiki! Pale Mlimani Mwanawetu aliwahi kusimama kwenye mdahalo akauambia ukumbi mzima kwamba kabati la vyombo ni matabaka yaliyofungiwa kwenye kioo. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Alishinda.

Alikuwa na tabia ya kushinda.

Nyumba ya Bibi ilikuwa pembeni ya mji, peke yake, ukuta wa udongo na paa la makuti. Bibi alikuwa mtu wa Kiongoroni, kule delta, mto unakokutana na bahari. Alihamia Kibiti zamani, na hakurudi kwao tena, hata kuzika.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume?"

"Mume mwenyewe yuko kaburini, Bibi. Nimekuja kuchukua bilauri."

"Ala! Basi umekuja kwa cha maana."

Bibi alizitoa sandukuni moja moja, akazifuta kwa upindo wa kanga. Jua la mwisho likapenya dirishani, likaingia kwenye kioo, na ukuta wa udongo ukajaa matone mekundu yanayotetemeka. Mwanawetu, pamoja na maneno yake yote, aliunyoosha mkono kuyagusa. Hizi hazikuwa kama zile za Dubai, zilizopakwa rangi juu juu. Wekundu wa hizi ulikuwa ndani ya kioo chenyewe, kama embe lililoiva mpaka kokwani. Baba yake Bibi alikata boriti mikokoni akawauzia Waarabu, na mwaka mmoja wakamletea seti nzima, imefungwa kwenye majani makavu, iwe zawadi. Kiongoroni yote ilikuja kuitazama. Wengine walirudi kesho yake kuitazama tena.

"Tano hizi. Haya, shika."

"Seti ni sita, Bibi."

"Za kuazima ni tano."

Ya sita ilikuwa juu ya rafu, upande wa kichwani kwa kitanda. Imejaa maji mpaka mdomoni. Imefunikwa kitambaa cheupe.

"Ile ina maji yake," Bibi alisema bila kuitazama.

"Maji ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani huyo asiyekuja?"

"Nani kakwambia haji?"

Mwanawetu akaweka mkono kiunoni. Akamweleza Bibi habari za maji na joto, jinsi yanavyopotea hewani bila kunywewa na mtu. Akamweleza habari za mababu na hofu zao. Akamweleza kwamba nchi hii haitaendelea mpaka wanawake wake waache kuwekea ukuta maji.

"Haya, umeshinda," Bibi akasema kwa upole. "Lakini chukua tano."

Adhana ya magharibi ikasikika kwa mbali. Bibi akashika kata yake, akatoka uani kutia udhu.

Mwanawetu akabaki na ile ya sita.

Hakuichukua kwa tamaa. Hilo alijiambia baadaye mara nyingi, kana kwamba lilikuwa na nafuu. Aliichukua ili iwe hoja. Kesho angeirudisha salama, aseme: umeona, Bibi? Watu wamenywea, na hakuna aliyeota mkia. Akaondoa kitambaa. Akainamisha bilauri. Maji akayamwaga pale pale sakafuni, na udongo ukayanywa.

Kukasikika sauti.

Ndogo... karibu na kitanda. Kama mtu anayemeza mate kwa koo kavu.

Mwanawetu aligeuka. Hapakuwa na mtu. Akazifunga bilauri sita kwenye kanga, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani karabai lilikuwa linavuma, na wanawake wa Mkongo walishaketi mkekani. Shangazi wa bwana harusi, Twalibu, alikaa katikati kama hakimu, akikagua kabati kwa jicho la pembeni. Mama Mwamini alipotokeza na zile bilauri nyekundu, sharubati ya ukwaju inang'aa ndani, shangazi akatoa sauti ndogo ya kushindwa.

"Hizi za wapi, mwenzetu? Siku hizi hazipo."

"Za bibi yao hizo," Mama akajibu, amejaa kifua. "Sisi hatujaanza jana."

Tano zilikwenda kwa wageni. Ya sita Mwanawetu akampelekea mdogo wake chumba cha uani, alikokuwa amewekwa ndani. Rukaiya alikuwa na miaka kumi na tisa, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, hawezi kushika kitu.

"Dada! Mimi na bilauri ya Bibi?"

"Bi harusi naye leo ni mgeni."

"Umenipandisha cheo. Basi ninyweshe, mikono yangu iko kazini."

Mwanawetu akamnywesha mafunda mawili. Akaiweka bilauri kwenye stuli, karibu na taa, na kivuli chake chekundu kikalala shavuni kwa Rukaiya. Alikuwa mzuri. Mwanawetu alikumbuka hilo siku zote, jinsi alivyokuwa mzuri dakika ile, na nani aliyemwekea ule wekundu shavuni.

Mlango wa uani ulikuwa wazi.

"Hodi..."

Sauti ya chini. Kama makuti yanayoburuzwa.

Mwanawetu akatoka kutazama. Kizingitini alisimama msichana mwembamba, amejifunga kaniki nyeusi ya kizamani. Pindo lake lilikuwa likichuruzika maji. Mvua haikuwa imeonekana Kibiti tangu mwezi wa tano.

"Naomba maji, dada."

Majirani walikuwa wakiingia na kutoka tangu alasiri, kila mmoja ana shida yake. Mwanawetu akachota maji mtungini kwa kopo la plastiki, akamnyooshea. Msichana hakulipokea. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la Mwanawetu, chumbani, kwenye stuli.

"Kwa ile."

"Ile ina mtu. Na nyingine ni za wageni, mwenzangu. Maji ni maji. Chukua unywe."

Lilimtoka jepesi hivyo. Za wageni. Yeye wa mdahalo. Yeye wa matabaka.

Msichana akainua macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ardhi ya bonde wakati wa kiangazi.

"Hata leo?" akanong'ona.

"Mwanawetu! We Mwanawetu! Lete sinia!" Mama aliita kutoka sebuleni. Mwanawetu akaliweka kopo kizingitini, akageuka kuitikia. "Abee, nakuja!" Maneno mawili tu. Aliporudisha uso, uani hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na harufu. Tope la mikoko... lile tope jeusi linalonuka chumvi na mayai mabovu, na mikoko iko mbali na Kibiti, safari ya siku nzima.

Kopo lilikuwa limejaa vilevile.

Kando yake, nyayo mbili za tope.

Zilikuwa zinaelekea ndani.

"Dada..." Rukaiya aliita chumbani. "Dada, nipe maji. Hii sharubati haina maji."

Walimpa jagi zima. Akalimaliza bila kupumua. Wakampa la pili. Alikunywa, na maji hayakuonekana yanakwenda wapi. Hayakulowesha midomo, hayakujaza tumbo. La tatu. Midomo ilianza kupasuka mbele ya macho yao, mstari mmoja, kisha mwingine, kama udongo. Ngozi ya shingo ikamshika mifupa. Mama Mwamini alimpepea huku analia. "Mwanangu, una nini? Mwanangu, nikupe nini?"

"Maji, Mama."

"Si haya?"

"Hayo si maji."

Ndipo shangazi yake Twalibu aliposimama mlangoni, mikono kifuani. "Kuna jicho humu," alisema. "Mwali hakauki hivi bure. Nani mgeni katika nyumba hii ambaye hakualikwa?"

Macho yakazunguka. Yakatua kwa Bi Sabra, mjane wa nyumba ya tatu, aliyekuja na sinia la visheti kwa ajili ya harusi. Bi Sabra alikuwa na macho mekundu. Miaka arobaini ya moshi wa kuni humpa mtu macho mekundu; Mwanawetu alikuwa amelisema hilo hadharani, kwenye ukumbi uleule, kwa ukali, akiwataja vikongwe wanaouawa kwa sababu ya moshi wa majiko yao wenyewe.

"Mimi?" Bi Sabra akauliza. "Jamani, mimi niliyewasaidia kumsinga mwili kwa liwa?"

"Ndiyo mlango wenyewe huo!" mmoja akadakia. "Kumshika ngozi!"

Mwanawetu alikuwa amesimama palepale. Alijua nani alimwaga maji. Alijua nani alimnyima mtu kizingitini. Maneno alikuwa nayo, yote, yamepangwa, na mdomo haukufunguka. Aliona sinia likipokonywa. Aliona visheti vikimwagika mchangani. Aliona Bi Sabra akisukumwa nje, kanga ya kichwani imebaki mkononi mwa mtu, na yule mjane akimtazama yeye, yeye peke yake, akingoja.

Mwanawetu akainama, akaokota sinia.

Bibi Sihaba alifika muda mfupi baada ya isha. Alikuwa ametembea gizani peke yake, pumzi zimemwishia. Hakusalimu. Alipita katikati ya wageni mpaka chumbani, akaitazama bilauri kwenye stuli, akamtazama Rukaiya, akawatoa watu wote isipokuwa Mwanawetu. Akafunga mlango.

"Nani kaichukua?"

"Mimi, Bibi."

"Maji yake?"

"Nimeyamwaga."

"Akaja?"

Mwanawetu akaitikia kwa kichwa. "Aliomba maji kwa hii. Nikamwambia... nikamwambia hizi ni za wageni."

Bibi hakumkemea. Afadhali angemkemea. Aliketi chini taratibu.

"Hayohayo," alisema. "Hayohayo maneno."

Akasimulia kwa kunong'ona, huku anakipapasa kichwa cha Rukaiya.

"Huyo ni Sijaona, mdogo wangu. Mwaka wa mafuriko makubwa tumbo la kuharisha liliingia Kiongoroni. Mama alikwenda na mtumbwi kutafuta dawa, akaniachia mgonjwa. Akaniomba maji. Akasema, dada, nipe kwa ile nyekundu, niione rangi yake. Nikamwambia zile ni za wageni. Nikaona ataivunja, mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamletea kifuu. Akageukia ukutani. Nikasema, hutaki? Basi kaa na kiu yako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mjukuu wangu. Mama aliporudi..."

Akaigusa ile bilauri kwa ncha ya kidole.

"Tangu hapo kila Alhamisi namwekea. Nilisema, kama bilauri ni ya mgeni, basi na awe mgeni. Na asubuhi naikuta kavu."

Joto, Bibi. Mwanawetu aliisikia hoja yake mwenyewe ikipita kichwani, ndogo, imenyauka.

Rukaiya alikuwa sasa hana machozi wala mate. Kila pumzi ilikwaruza.

"Atakufa?"

"Mimi nimemnywesha miaka yote, kwa kuwa nilimnyima mimi. Leo kanyimwa na wewe. Aliyenyima ndiye anayenywesha. Mwite. Na umwite kama mgeni."

Bibi akapuliza taa.

Giza. Nje sauti za wanawake zilisikika kama zinatoka nyumba nyingine. Mwanawetu akaijaza bilauri kwa kupapasa, akasikia maji yakifika mdomoni na kumlowesha vidole. Akapiga magoti. Akaishika kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Karibu, Bibi Sijaona," alisema, na sauti yake, iliyokuwa ikijaza ukumbi, haikufika hata ukutani. "Karibu maji. Nimekosa. Nisamehe."

Kimya...

Kisha ile harufu.

Kisha vidole vikagusa vyake. Baridi. Vina tope. Vikaichukua bilauri.

Akasikia mtu anakunywa. Taratibu, mafunda marefu, kila moja linashuka kama jiwe kisimani. Moyo wake ukatulia kidogo. Ni Rukaiya, alijiambia. Amepata nguvu, ameketi, anakunywa.

Ndipo upande wa pili wa chumba, kwa sauti dhaifu, Rukaiya akauliza:

"Dada... nani anakunywa?"

Mwanawetu alitaka kupiga kelele. Mkono wa Bibi ukamziba mdomo.

Bilauri ikarudi mikononi mwake. Kavu.

"Zaidi," mtu akanong'ona.

Akajaza. Ikanywewa. "Zaidi." Akajaza tena. Safari ya tatu haikurudi. Walisikia kitu kikiburuzika mkekani, polepole, kikisogea kuelekea ile sauti ya Rukaiya. Walisikia pumzi mbili. Zikapandana... zikapishana...

Ikabaki moja.

Bibi alipowasha taa, bilauri ilikuwa imefudikizwa katikati ya mkeka, haina hata tone. Na mkekani alikuwa amelala mtu mmoja, midomo yake laini, shavu limejaa, anapumua kama mtoto.

Asubuhi Rukaiya aliamka na njaa. Alikula vitumbua vinne, akaomba chai. Mama Mwamini alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na shangazi yake Twalibu akawa anawaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyelitoa jicho humu ndani. Kungwi pekee ndiye aliyenung'unika. Hina haikushika. Mikono na nyayo za mwali zilikuwa nyeupe kama hazijaguswa.

"Hina mbovu hizi za siku hizi," alisema. "Kila kitu cha kuchanganya."

Mwanawetu alikwenda nyumba ya tatu na lile sinia, ameliosha. Alibisha. Bi Sabra hakufungua. Alizungumza nyuma ya mlango.

"Bi Sabra, nisamehe. Nilijua si wewe."

"Mimi najijua, mwanangu. Kawaambie wao."

Alirudi na nia hiyo. Wallahi alirudi na nia hiyo. Lakini alikuta pilau inapakuliwa, Mama anacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, na watu wa Mkongo wameridhika. Akasema ngoja wale. Walipokula akasema ngoja waozeshe. Baada ya swala ya Ijumaa ndoa ikafungwa, Land Rover ikarudi kinyumenyume mpaka barazani, na ikawa hakuna tena nafasi ya kusema.

Mwali akatolewa, amefunikwa shela. Akawakumbatia watu mmoja mmoja, Mama, majirani, kungwi, kila mtu na kilio chake. Mwanawetu alipokumbatiwa alikuwa akitafuta kitu, chochote, cha kumtambua mdogo wake: jinsi anavyocheka, jinsi anavyobana mtu kwa mkono mmoja. Vyote vilikuwepo. Karibu vyote.

Wa mwisho alikuwa Bibi Sihaba. Mwali alimwinamia, akasogeza shela kidogo. Mwanawetu alikuwa bega kwa bega nao, na hakuna mwingine aliyesikia.

"Dada," mwali alinong'ona. "Mama alilia?"

Bibi akaushika ule mkono usio na hina. Huenda Rukaiya aliyasikia yote jana, akiwa mkekani, kwenye homa yake. Hiyo ni hoja. Mwanawetu aliishika hoja hiyo kwa mikono miwili.

"Alilia," Bibi akajibu.

"Sana?"

"Mpaka alfajiri."

Mwali akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akashusha shela. Akapanda gari. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mwanawetu naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote, asije akasikia lolote zaidi.